Hirizi na Dhamana ya Aliyeiandika

Bismillahi Rahmani Rahim.

Makala haya nimechelewa kuyaandika kwa karibu miaka arubaini. Si kwa kukosa wino. Wino nilikuwa nao mwingi, na sehemu yake niliitumia vibaya. Naandika sasa kwa kuwa umri wangu umepita sitini, na mtu anayeondoka duniani na haki ya mja shingoni mwake huondoka na deni asilosamehewa mpaka mwenye haki mwenyewe aridhike.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Nachingwea kumzika jamaa yetu. Watu walikuwa wengi, wanaume tuko barazani na chini ya miembe, wanawake wamo ndani na uani. Nilimwona bibi mmoja, makamo yangu, amekaa peke yake ng'ambo ya njia, chini ya mkorosho, hali ya kuwa wenziwe wote wamo ndani na wafiwa. Nikadhani ana udhuru. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa karibu nami, "Mbona yule bibi haingii?"

Akanijibu, "Shehe, yule haingii nyumba yenye maiti. Sisi tangu wadogo tunamwona hivyo hivyo. Hata alipokufa mama yake mzazi alikaa nje. Wanasema zamani alivunja mwiko wa hirizi, mwanawe akafa."

Nikamtazama tena, nikamjua. Hirizi hiyo niliiandika mimi.

Kisa hiki nitakirudia. Lakini kwanza nataka tutazame pamoja taarikh ya vitu hivi, kwa sababu kosa langu halikuanza kwangu. Nililirithi, kama wengi wetu tulivyolirithi, na mtu hawezi kuutua mzigo asioujua ulikotoka.

VITU NA MAJINA YAO

Hakuna taifa lisilokuwa na vitu vilivyodhaniwa kuwa na nguvu za siri. Neno letu hirizi limetoka katika Kiarabu, nalo maana yake ni hifadhi. Talasimu Waarabu waliipokea kwa Wayunani wa kale, waliokuwa wakiiita telesma. Na sisi wenyewe tunayo majina yetu: kago la shambani, zindiko la nyumba, fingo lililozikwa kizingitini, pembe ya mganga, na kombe linaloandikwa kwa zaafarani katika sahani nyeupe, kisha likaoshwa na kunywewa.

Waandishi wa hirizi wa pwani yetu walitegemea sana kitabu kiitwacho Shams al-Maarif, kinachonasibishwa na Ahmad al-Buni, mtu wa karne ya 13. Humo mna miraba ya hesabu na majina mengi. Mmoja katika miraba hiyo ni wa zamani kuliko kitabu chenyewe. Ni mraba wa vyumba tisa, ambao Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameutaja kuwa watu wa zama zake wakiutumia kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu mzito. Mimi niliufundishwa nikiwa na miaka kumi na saba. Ukijumlisha tarakimu zake kwa urefu, kwa upana au kwa mshazari, jawabu ni 15 daima. Hesabu yake ni nzuri, wallahi, na mimi uzuri wa hesabu nikaudhania kuwa ni nguvu.

Dini yetu haikunyamaza juu ya jambo hili. Nabii Musa alipoulizwa na Mola wake ana nini mkononi, alijibu kwamba ni fimbo yake, anaiegemea na kuwaangushia mbuzi wake majani. Nabii mwenyewe, mwenye fimbo iliyo mashuhuri kuliko zote, hakudai kwamba ina nguvu za siri. Sayyidna Umar alilibusu lile Jiwe Jeusi la Al-Kaaba huku akitangaza kwamba ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kuwa alimwona Mtume s.a.w. akilibusu. Na masahaba waliokuwa wageni katika Uislamu, walipokuwa njiani kwenda Hunayn, waliuona mti ambao washirikina walikuwa wakiutundikia silaha zao kwa kutaka baraka. Wakamwomba Mtume nao awatengee mti kama huo. Aliwakemea, akawaambia wameomba kama Bani Israili walivyomwomba Musa awafanyie mungu wa kuonekana.

Wanavyuoni wamehitalifiana juu ya kuvaa karatasi yenye aya. Wako waliosimulia kwamba sahaba Abdallah bin Amr aliwaandikia watoto wake wadogo waliokuwa hawajaweza kuhifadhi dua, na wako, kama Ibn Masud, waliolichukia jambo hilo kabisa. Sikuja leo kuiamua hitilafu hiyo. Nimekuja na swali jingine, dogo kuliko hilo na karibu zaidi nasi: kitu kilichoahidiwa nguvu kikishindwa, nani anayebeba lawama?

MAJI YA MWAKA 1905

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa kufukuza ndege shambani wakati wa Vita vya Maji Maji. Kwetu ni Umwera, upande wa Ruangwa. Alinisimulia mara nyingi, jioni, na kila mara aliishia pahala pamoja.

Mambo yenyewe yanajulikana. Serikali ya Wajerumani ilitoza kodi, ikawalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya majumbe, na aliyelegea alichapwa kiboko. Katika mwaka 1904, huko Ngarambe, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale, ikasemwa kuwa amepandwa na pepo wa Hongo. Alitoa dawa ya maji, yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Watu walinyunyiziwa, wengine walikunywa, na wengine walivaa shingoni vijipande vya mwanzi vilivyotiwa dawa hiyo. Ahadi yake ilikuwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita havijatimiza wiki mbili. Lakini maji yalikwisha kumtangulia. Yalichukuliwa na wajumbe, nao wakiitwa mahongo, kijiji kwa kijiji mpaka Liwale, ambako Abdalla Mapanda aliwaongoza Wangindo, na mpaka kwetu Umwera, ambako jina la Selemani Mamba lilisikika. Mwezi huo huo wa Agosti misheni za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa. Tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, maelfu ya watu waliiendea boma kifua mbele huku wakitaja maji, na bunduki mbili za rashasha zikawafyeka kama majani.

Vita viliendelea mpaka mwaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu yao wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanataarikh wetu waliokuja kukusanya habari za wazee baadaye wanasema walikufa kati ya 250,000 na 300,000.

Sitaki msomaji adhani ninawacheka wazee wale. Maji yale yaliwafanya Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro na Wangoni kusimama pamoja dhidi ya dhuluma, jambo ambalo hapo kabla halikuwahi kuonekana. Ebrahim Hussein aliwaandikia tamthilia, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na watoto wetu wameisoma shuleni. Ushujaa ulikuwa wa kweli, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa si kweli ni kile kijipande cha mwanzi.

Kaka yake babu alikivaa. Alikwenda na wenziwe upande wa Nyangao, wala hakurudi. Waliorudi walimwambia mama yake kwamba maji hayana kosa. Kwani maji yalikuwa na miiko yake: mwenye kuyavaa asipore mali ya watu, asimkaribie mwanamke, asile vyakula fulani. Anayefuata miiko hapigwi na risasi. Huyu amepigwa, basi lazima alivunja mwiko. Labda alipora.

Hapo ndipo babu alipokuwa akiishia kila mara. Alikuwa akisema, "Mama yetu alikufa akiamini kwamba mwanawe alikuwa mwizi. Risasi ya Mjerumani ilimwua mara moja, na maneno yale yakamwua mara ya pili, mbele ya mama yake."

Mimi nilisikia hadithi hiyo tangu sijaanza kusoma alifu. Lakini kusikia si kufahamu.

BARUA YA MWAKA 1908

Vita vilipokwisha, nchi yetu ilibaki na mayatima, magofu na hofu. Katika miaka iliyofuata watu wengi wa bara hii ya Lindi waliingia katika Uislamu, na walimu wakatoka pwani wakaja kufundisha. Hiyo ni neema kubwa. Lakini hofu ilikuja nayo ikataka kitu cha kushika mkononi.

Mwaka 1908 ilienea Lindi na viunga vyake barua iliyojulikana kama Barua ya Makka. Ilisimulia kwamba mtunzaji wa kaburi la Mtume s.a.w. huko Madina, aitwaye Sheikh Ahmad, alimwota Mtume akilalamikia madhambi ya umma na kuonya kwamba Kiyama kimekaribia. Watu walijaa misikitini, na serikali ya Wajerumani, ambayo majeraha ya Maji Maji yalikuwa hayajaikauka, iliingiwa na hofu ya vita vingine, ikafanya uchunguzi. Ilishukiwa kwamba barua hiyo ilitoka Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza.

Aliyeitunga kwanza hakuwa yeye wala mtu wa kwetu. Barua ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kusomwa visiwa vya Jawa na Sumatra katika miaka ya 1880. Na haikufa. Mimi niliipata nikiwa kijana, imenakiliwa kwa mkono, na mwishoni imeandikwa kwamba atakayeinakili na kuisambaza atapata kheri, na atakayeipuuza atapatwa na msiba. Leo inakuja katika simu. Wajukuu zangu wanaitumiwa na wenzao usiku wa manane, nao wananiuliza kama kweli wasipoipeleka mbele watafiwa.

Itazameni vizuri karatasi hiyo. Ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, kama maji ya 1905. Mlango wa mbele umeandikwa ahadi. Mlango wa nyuma umefichwa, nao ni huu: jambo likiharibika, kosa si la kitu wala si la aliyekitoa, kosa ni lako wewe uliyekipokea. Vitu vya namna hii vyote nilivyopata kuviona vina mlango huo. Na vinadumu kwa ajili yake, maana kitu kisichoweza kulaumiwa hakiwezi kuachwa.

NILIYOYAFANYA MIMI

Sasa nirudi kwenye kisa changu.

Ilikuwa masika ya mwaka 1984. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka kusoma, nafundisha madrasa katika kijiji kimoja cha Ruangwa, na watu wakiniheshimu kuliko elimu yangu. Akaja mama mmoja kijana na mtoto wake wa kiume wa miaka miwili mgongoni. Mumewe alikuwa Lindi akitafuta kazi. Mtoto alikuwa na homa tangu juzi yake, na asubuhi ile alishikwa na degedege, macho yakamgeuka.

Akaniuliza, "Maalim, nimpeleke hospitali?"

Hospitali ilikuwa mbali, njia ni tope, na baiskeli ingechukua nusu ya siku. Lakini sikumjibu kwa habari ya njia. Nilimjibu kwa yale niliyoyasikia kwa wakubwa zangu: kwamba degedege si maradhi ya hospitali, ni dege apitaye usiku, na mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa. Nikaandika. Nikaweka ule mraba wa vyumba tisa, nikazungusha majina, nikaikunja karatasi, nikaishona katika kitambaa cheusi. Nikampa miiko mitatu: hirizi isilowe, isiingie chooni, na yeye mama asiingie nyumba yenye maiti kwa siku saba. Akanipa shilingi hamsini na jogoo. Nikavipokea.

Siku ya pili alifariki mzee wa nyumba ya jirani. Mama yule aliingia mara moja kuwapa pole wafiwa, kama utu unavyomlazimu mtu. Siku ya tatu, alfajiri, mtoto akafa.

Nilikwenda mazikoni. Baada ya kuzika aliniita pembeni, macho makavu, akaniuliza, "Maalim, imekuwaje?" Nami, badala ya kumwambia sijui, nikamuuliza, "Uliingia msibani?" Akasema, "Niliingia kidogo tu, kutoa pole." Nikamwambia, "Basi ndiyo hayo."

Maneno matatu. Kwa maneno hayo nikajitoa mimi, nikamwingiza yeye.

Najua ajali iko kwa Mwenyezi Mungu, na wako watoto wengi waliofikishwa hospitali wakafa. Lakini siwezi kujificha nyuma ya hoja hiyo. Kama ningalimwambia siku ile kwamba ni kadari ya Mola, ningekuwa nimesema neno la mwalimu wa dini. Sikulisema. Nilisema mwiko, kwa sababu mwiko ulinikinga mimi.

Miaka michache baadaye nilikwenda kusoma kwa sheikh mwingine, aliyekuwa hakubali mwanafunzi wake auze hirizi hata kwa senti moja. Nikaacha kuandika. Lakini kwa mama yule sikurudi. Nilitubu kwa Mola wangu na nikamwacha mja wake ninakomwacha. Hiyo ni toba yenye mguu mmoja.

DAWA NA HIRIZI

Ataniuliza mtu: je, dawa za hospitali nazo si vitu? Na majani na mizizi ya wazee wetu nayo si vitu? Kwani tofauti ni ipi?

Mitishamba siikatai. Kwinini ya zamani ilitoka katika gome la mti. Dawa mseto ya malaria inayotumika leo hospitalini, ambayo watu huiita ALu, asili ya sehemu yake ni jani lililotumiwa China tangu kale, na mwanamke wa Kichina aliyeipata dawa iliyomo humo, Tu Youyou, alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2015. Tofauti haiko katika jani na kidonge. Tofauti iko katika ule mlango wa nyuma.

Wakubwa wenzangu wanaikumbuka klorokwini. Tuliimeza miaka mingi, chungu kama shubiri, na ikatuponya. Kisha ikaanza kushindwa, kwa kuwa vijidudu vya malaria viliizoea. Je, waganga wa hospitali waliwaambia kina mama kwamba wamevunja mwiko? La. Waliipima dawa, wakaikuta imechoka, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikachukua SP. SP nayo ilipochoka, mwaka 2006 ikaletwa hiyo ALu. Dawa ilipokosa, ililaumiwa dawa.

Hapa Nachingwea tuna mfano mwingine, nao si wa dawa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, huko Kongwa kwanza, kisha Urambo na hapa kwetu. Yaliletwa matrekta, mengine yameundwa kwa vifaru vya vita, ikajengwa na reli ya kutoka pwani. Watu wakaona chuma kile kama ajabu la Nabii Sulemani. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Reli nayo ikaja kung'olewa, na hivi leo limebaki jina la mtaa, Stesheni. Wakoloni hawakuwa watu wa kusifiwa kwa uadilifu. Lakini hata wao walilazimika kusimama mbele ya Bunge lao na kuihesabu hasara, pauni milioni 36. Hawakupata njia ya kusema kwamba Wamwera walivunja mwiko wa trekta.

Basi hiki ndicho kipimo, nacho ni chepesi hata kwa asiyejua kusoma. Ukipewa kitu cha kukuponya au kukukinga, muulize aliyekupa: "Kisipofaa, utasema nini?" Akisema, "Nitakupa kingine, au nitakupeleka kwa ajuaye zaidi," huyo ni tabibu, ajapokuwa bibi wa mizizi. Akianza kukuhesabia miiko, ondoka.

Sheria ya nchi nayo imelitambua jambo hili kwa njia yake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, haikuishia kwa mwenye kudai kuwa ana nguvu za uchawi. Imemtaja pia anayempa mwingine chombo cha uchawi. Na tusidhani hayo ni mambo ya hirizi ya mtoto tu. Imani kwamba kitu kinaleta mali ikiachwa bila kuulizwa haina mahali pa kukoma. Tangu miaka ya 2006 na 2007 makumi ya ndugu zetu wenye ualbino wameuawa au kukatwa viungo nchini mwetu, hasa kanda ya ziwa, kwa sababu wako waliowaambia wenye tamaa kwamba kiungo cha mtu kinatajirisha. Mwezi wa Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wasio na leseni. Kutoka karatasi yangu ya shilingi hamsini mpaka panga lile ni mbali, ndugu msomaji, lakini ni njia moja.

NYUMBA YA MSIBA

Siku ya pili baada ya mazishi ya Nachingwea nilikwenda Ruangwa nyumbani kwa mama yule, pamoja na mke wangu. Tulimkuta uani anapepeta ufuta. Alitutandikia mkeka. Alinijua. Aliniita Maalim, kama zamani, na adabu yake ile ikanizidishia uzito.

Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba mwiko ule niliuzua kwa mazoea, haukutoka katika Kitabu wala katika Hadithi. Kwamba kuingia kwake msibani kulikuwa sunna na utu, na ana thawabu zake. Kwamba, kwa ninavyojua sasa, mwanawe aliuawa na malaria, na mimi ndiye niliyemzuilia njia ya hospitali.

Alikaa kimya muda mrefu, ungo magotini. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Maalim, si mimi niliyemwua?"

Nikamwambia, "Si wewe, dada yangu. Wallahi si wewe."

Akasema, "Mama yangu nilimzika nimekaa njiani."

Mke wangu akalia. Mimi sikuwa na la kusema. Nilipomwomba anisamehe, alijibu bila ya ukali, "Nimekusikia, Maalim. Leo sina jibu. Nipe nafasi." Nami nikaona ni haki yake. Aliyeombwa radhi baada ya miaka thelathini na zaidi ana ruhusa ya kufikiri kwa siku anazozitaka.

Baada ya miezi miwili ulitokea msiba katika mtaa wake. Mke wangu alikwenda, na aliporudi alinieleza kwamba bibi yule alikuja, akasimama mlangoni kwa muda, kisha akavua viatu akaingia. Alikaa na wenziwe mpaka maiti ilipotolewa. Jibu langu sijalipata mpaka leo. Naendelea kulingoja, na kila mwezi naenda na mke wangu kumjulia hali.

Ndugu zangu walimu wa madrasa, hasa nyinyi vijana, waja wenu wanapokuja na mtoto mgonjwa, wasomeeni dua, kwani dua ni silaha ya Muumini, kisha muwapakie kwenye pikipiki mara moja wende hospitali. Mtume wetu s.a.w. ametuamrisha kutafuta dawa, na alimtaka bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Msipokee jogoo. Na mambo yakiharibika, semeni "sijui" kama hamjui. Neno hilo halijamvunjia heshima mwanachuoni hata mmoja.

Nanyi wazazi, kagueni nyumba zenu. Simwambii mtu aitupe karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu penye taka. Namwambia amtafute aliyelaumiwa kwa ajili yake. Huenda katika ukoo wenu yuko bibi aliyeambiwa kwamba alivunja mwiko, au kijana aliyeambiwa kwamba alikufa kwa wizi, kama kaka yake babu yangu. Mkimpata yu hai, mwambieni. Na kama amekwisha kufa, muombeeni rehema, na msimulieni watoto habari zake kwa haki.

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi, amrehemu mtoto yule, na amlipe mama yake kwa miaka aliyokaa njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq.